Neno "si" lilivyonitoa jasho: soma hii kabla hujakubali kuchambua majibu ya lugha nyingi

Kazi ilivyoletwa ilionekana nyepesi kweli kweli. Kuna jedwali la majibu ya watu waliotumia programu fulani ya simu, ni watu wa nchi nyingi, kila mmoja kajibu kwa lugha yake, wewe pita mstari kwa mstari, penye ndiyo weka 1, penye hapana weka 0, tuma, lipwa. Malipo ni ya kazi nzima siyo ya saa. Hapo hapo niwaambie, kazi ya lugha nyingi usiikubali kwa mkupuo kabla hujaliona faili lenyewe, maana saa zilizonitoka kwenye neno moja la herufi mbili zilizidi zile nilizotumia kwenye maneno mengine yote.

Neno lenyewe ni "si".

Kwa sisi Waswahili hilo ni la kukanusha, halina mjadala. Mimi si daktari, hii si yangu, si leo. Jicho likiona "si" mkono unakwenda kwenye 0 wenyewe kabla akili haijafika. Sasa kuna dada tuliyekuwa tunasaidiana naye, yeye anajua Kihispania vizuri, na kwake mkono unakwenda kwenye 1. Tulivyolinganisha kazi akaniandikia, "Kaka, mbona kwako watu wote wamekataa na kwangu wote wamekubali?" Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu tulikuwa tunaangalia mistari ile ile.

Na wala siyo kwamba upande wa Kiswahili uko salama. Tulikuwa na majibu ya Waswahili pia, mtu kaulizwa programu ilimsaidia, kajibu "si haba". Yule ni mtu aliyeridhika! Mwingine "si mbaya", naye karidhika kiasi chake. Mwingine "si nilishasema juu huko", huyo hakanushi chochote, amekereka tu kuulizwa mara mbili. Ukiweka kanuni kwamba "si" ya Kiswahili ni 0 umeshawageuza hao wote maneno, na hapo bado hujatoka nje ya lugha yako mwenyewe.

Kilichofanya mambo yawe mabaya zaidi ni kwamba faili nililopewa lilikuwa "limeshasafishwa". Ukisikia neno hilo shtuka. Kusafisha kwao ilikuwa kugeuza herufi zote kuwa ndogo, kuondoa mikwaju na vialama vyote juu na chini ya herufi, kufuta koma na nukta, halafu wakaunganisha mafaili ya nchi zote kuwa moja na kuifuta safu ya lugha kwa sababu waliona haitumiki. Yaani safu pekee ambayo ingeniokoa ndiyo iliyoonekana ni uchafu.

Chukua Kihispania. "Sí" yenye kialama juu ni ndiyo. "Si" isiyo na kialama ni ikiwa, au kama. Mtu akiandika "sí funciona" anasema inafanya kazi kweli, akiandika "si funciona" anasema ikiwa inafanya kazi, yaani bado ana masharti. Ukitoa kialama sentensi zote mbili zinafanana herufi kwa herufi. Na hata kama msafishaji hakugusa kitu, Wahispania wengi wakiandika haraka kwenye simu hawaweki kialama chenyewe, kwa hiyo kialama kikiwepo kiamini lakini kisipokuwepo usiamini lolote. Hii nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika mbele ya meza.

Waitaliano nao wana "sì", kialama kimelalia upande wa pili, ni ndiyo pia. Ila "si" yao isiyo na kialama siyo ikiwa, ni ile ya kujirudia au ya jambo lisilotajwa mtendaji, kama "si può", inawezekana. Sasa weka "sì, può", ndiyo anaweza, toa kialama, toa koma, unabaki na "si puo" moja ya watu wawili waliosema vitu tofauti. Afadhali kidogo kwa Mwitaliano ni kwamba ikiwa yake ni "se", kwa hiyo ukishajua kwa hakika ni Kiitaliano unaondoa wasiwasi mmoja.

Nilienda kutafuta kwa nini iko hivi na jibu lilinipendeza. Kilatini hakikuwa na neno moja la kusema ndiyo kama sisi. Watu walikuwa wanarudia kitenzi, au wanasema "sic", maana yake hivyo. Hiyo "sic" ndiyo iliyozaa sí ya Kihispania na sì ya Kiitaliano na sim ya Kireno. Pembeni yake Kilatini kilikuwa na neno lingine kabisa, "si", la ikiwa, na hilo nalo likaingia Kihispania na Kifaransa vile vile lilivyo. Kwa hiyo ni maneno mawili yenye asili mbili, yakasagika karne na karne mpaka yakabaki yanafanana. Neno la kukubali lilikuwa kitambulisho hasa huko, mwanzoni mwa karne ya 14 mshairi wa Kiitaliano Dante aliwagawa watu kwa namna wanavyosema ndiyo, wa oc, wa oïl na wa sì, na hiyo oïl ndiyo leo tunaisikia kama oui ya Kifaransa, na eneo la Languedoc kusini mwa Ufaransa limebeba hiyo oc mpaka leo kwenye jina. Yetu ya Kiswahili haina undugu na hizo zote, imekutana nazo njiani tu.

Tukirudi kwenye jedwali. Nilichofanya ni kuchuja mistari yote yenye "si" nikaiangalia mmoja mmoja pamoja na maneno yanayoizunguka, na ndo nikaanza kuona jinsi ilivyokaa vibaya. Kulikuwa na "super si". Jamaa wa kwanza aliyepitia aliweka 1, akidhani mtu kasema ndiyo kwa furaha. Kumbe ni Kislovenia, huko "si" ni wewe ni, au uko, kwa hiyo mtu alikuwa anasema wewe ni bomba, anamsifu aliyemhudumia, swali lenyewe hakulijibu kabisa. Na hii ilinichekesha zaidi kwa sababu yetu sisi inasema siyo na yao inasema ni. Wakroatia na Waserbia pia ni hivyo hivyo, "ti si", wewe ni.

Kulikuwa na "si gjithmone", hiyo ni Kialbania, na ë ya mwisho imeshanyolewa nukta zake na wasafishaji. "Si" hapo ni kama, maana yake kama kawaida. Waalbania hao hao wakikuuliza "si je" wanakuuliza uko vipi. Kulikuwa na "si ana", nikadhani ni kosa la kuandika, mpaka nikaona liko chini ya swali la nani alikusaidia. Ni Kitagalog, wao jina la mtu likiwa ndilo linalozungumziwa kwenye sentensi linatanguliwa na si, si Ana, si Maria, na Wamalei na Waindonesia nao wana "si" ya kuweka mbele ya jina la mtu au la utani. Hapo si haina maana ya kutafsiri hata kidogo, inakuonyesha tu kwamba anayefuata ni mtu. Na Waromania walikuwepo tele, kwao ni "și", ina kijimkia chini ya s na inatamkwa shi, maana yake ni na, ile ya mimi na wewe. Mkia ukikatwa inabaki "si" katikati ya sentensi, na programu ya kuhesabu maneno ikaniambia Waromania ndio watu wanaokubali kuliko wote duniani.

Aisee niliipenda na kuichukia kazi hii kwa wakati mmoja. Usiku unakuta najifunza kitu kipya, asubuhi nakumbuka kwamba silipwi kwa kujifunza.

Ile iliyonipa shida kuliko zote ilikuwa swali la alama, toa alama kuanzia 1 mpaka 5. Mtu kaandika "si". Ndiyo? Hapana? Ikiwa? Hakuna hata moja inayoingia. Ila kwa Kithai nne ni "si", kwa toni ya chini, yaani sauti ikishushwa, na Kichina nacho nne ni "sì". Kwa Wachina ukibadilisha toni tu unapata "sǐ", kufa, ndo maana majengo mengi huko hayana ghorofa ya nne kwenye vitufe vya lifti. Kwa Wathai ukibadilisha toni unapata rangi. Ukiandika kwa herufi zetu za Kilatini bila toni vyote vinakuwa "si". Yule mtu kumbe alikuwa Mthai, katoa alama 4 kati ya 5, alama nzuri tu, na kwenye jedwali la mwanzo alikuwa kawekewa kwamba hakujibu.

Sasa nije kwenye swali la kukanusha maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Kulikuwa na swali, kwa Kiswahili liliandikwa "Hukupokea ujumbe wa kuthibitisha?" Mswahili akijibu "ndiyo" anamaanisha ndiyo, sikupokea, anakubaliana na ulivyosema. Mfaransa akiulizwa hivyo hivyo kwa kukanusha, akawa alipokea, hajibu oui, anajibu "si". Hiyo ni si ya pekee, kazi yake ni kukupinga ukiuliza kwa kukanusha, Wajerumani wana "doch" kwa kazi hiyo na Waswidi wana "jo". Kwa hiyo ndiyo ya Mswahili ni sikupokea, si ya Mfaransa ni nilipokea, na wote wawili walikuwa wamewekewa 1. Hakuna akili ya kawaida itakayokuokoa hapo, lazima urudi kwenye swali lilivyoandikwa kwa kila lugha. Na kama wewe ndo unayetunga maswali, tafadhali sana usiulize kwa kukanusha, uliza "Ulipokea ujumbe?" na uweke vitufe viwili vya kubonyeza badala ya kisanduku cha kuandika, utakuwa umeokoa mtu kama mimi huko mbele.

Mtu atasema si uitumie programu ya kutambua lugha. Nilijaribu. Zile programu zinaangalia mfuatano wa herufi na kukisia, zikipata aya nzima ziko vizuri sana, zikipata herufi mbili zinabahatisha. Mbaya zaidi zinabahatisha kwa kujiamini. Niliipa "si" peke yake ikaniambia Kihispania, nikaongeza nafasi mbele ikaniambia Kiitaliano. Usilipie kitu kama hicho kwa majibu mafupi, na kama umeshalipia kitumie kwenye majibu marefu ya mtu huyo huyo, halafu lugha uliyoipata huko ibebe uipeleke kwenye yale mafupi yake. Hiyo mbinu ilinisaidia mno, mtu anayejibu "si" kwenye swali moja mara nyingi ameandika sentensi nzima kwenye swali la maoni.

Kompyuta zenyewe zina vituko vyake na maneno haya mafupi. Kuna sehemu ya mistari ilikuwa na "sı", i isiyo na nukta, nikahangaika nayo. Ilikuja kuonekana kompyuta mojawapo iliyopitiwa na faili ilikuwa imewekwa kwa Kituruki, na Waturuki wana i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, kwa hiyo mtu akiandika "SI" kwa herufi kubwa halafu kompyuta ya Kituruki ikazigeuza kuwa ndogo, I kubwa inakuwa ı isiyo na nukta. Neno lilelile, ila ukitafuta "si" halionekani.

Na nilivyoomba safu ya lugha irudishwe nikaingia kwenye mtego mwingine, maana lugha ziliandikwa kwa misimbo ya herufi mbili. Huko "si" ni Kisinhala cha Sri Lanka! Kislovenia ni sl, ingawa kwenye anwani za intaneti nchi ya Slovenia yenyewe ni .si. Kiswahili ni sw na Kiswidi ni sv, usichanganye, mimi nilikuta vimechanganywa. Nchi nazo zilikuwa na misimbo yake, na hapo nikakutana na Norway, msimbo wake ni NO. Kuna namna ya kuandika mafaili ya mipangilio inaitwa YAML, kwenye toleo lake la 1.1 neno "no" linasomwa kama si kweli, kwa hiyo Wanorway wote walikuwa wamegeuka kuwa "si kweli" kwenye jedwali. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 lilishaachana na hilo lakini zana nyingi ziliendelea na desturi ya zamani. Namibia nao ni NA, na programu kadhaa za takwimu zikiona NA zinasoma kwamba hakuna data, hivyo nchi nzima inafutika kimya kimya. Kama kazi yako ina misimbo ya namna hii ifunge kwenye alama za kunukuu, au iambie programu wazi wazi kwamba safu hii ni maandishi matupu, isijifanye inaelewa.

Nikiwa humo nikaona "si" haiko peke yake. "No" ya Mpolandi kwenye mazungumzo ni kama ee, anakubali, wakati ya Mhispania ni hapana, na kwa Mreno ni ndani ya, na kwa Mlatvia ni kutoka. "Ne" ya Mbulgaria ni hapana, jirani yake Mgiriki akisema ndiyo inasikika hivyo hivyo "ne", Mkorea naye anakubali kwa "ne", Mturuki anauliza nini. Hizo sikuzichimba sana kwa sababu zilikuwa chache kwenye faili, nilizitenga tu kwa lugha na zikakaa.

Kilichomaliza kazi ni watu, siyo mashine. Ila kuna namna ya kuwauliza. Ukimtumia Mromania meseji "si maana yake nini?" atakujibu kwa herufi ulizoandika, atasema hilo neno silijui au atakupa maana moja kati ya kadhaa. Mtumie swali lilivyoulizwa kwa lugha yake, jibu lote lilivyoandikwa kabla ya kusafishwa, halafu muulize huyu mtu amekubali, amekataa, au hajajibu? Weka hilo la tatu makusudi, nilipokuwa nauliza kwa mawili tu watu walikuwa wananipa la kukisia ili wanifurahishe. Na uwalipe, hata kidogo, kwa sababu mtu wa hisani anakujibu mara ya kwanza kwa furaha na mara ya nne anakuona msumbufu. Mimi hela hiyo ilitoka mfukoni mwangu kwa sababu haikuwemo kwenye makubaliano, na hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Faili la asili lilipatikana, ila kwa mvutano. Mwenye kazi alikuwa ananiambia "wewe weka tu ile inayoelekea", mimi nikamtumia mistari michache ikiwa imepangwa pembeni kwa pembeni, ile ya sí funciona na si funciona, ya super si, na ya yule Mthai wa alama 4, nikamwonyesha kilichowekwa mwanzo. Sikuandika maelezo marefu. Akapiga simu siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kama unataka kueleweka na mtu asiye wa lugha mwonyeshe mistari yake mwenyewe, maelezo ya nadharia hayasomi.

Baada ya hapo nilitengeneza jedwali dogo la kufanyia kazi, safu ya lugha, safu ya swali, safu ya jibu ghafi lisiloguswa, halafu ndo safu ya 1 na 0, na 1 au 0 haiingii mpaka hizo tatu za mwanzo zimejaa. Nilivyofanya hivyo kazi ilianza kukimbia, kwa sababu "si, Kihispania, swali la pili" ukishaiamua inajirudia mamia ya mistari, huamui tena. Ile inayofanana nayo ya Kifaransa kwenye swali la kukanusha inakaa kwenye fungu lake na haigusani na nyingine.

Mistari ambayo haikupata mwenyewe ilibaki. Mtu kaandika "si" peke yake, lugha haijulikani, maoni hakuandika, faili la asili nalo halina kitu. Hizo niliziacha wazi nikaandika pembeni "haijulikani". Mwenye kazi alilalamika kwamba anataka jedwali lililojaa, nikamwambia nikijaza nitakuwa najibu mimi siyo wao, tukazungushana kidogo, mwisho akazipokea hivyo na kwenye ripoti zikatajwa kwa idadi yake. Malipo yalichelewa ila yalikuja yote.